Rivolva iliyogoma raundi ya pili

Jumamosi moja ya Agosti, kwenye uwanja wa shabaha nje kidogo ya Dodoma, mnunuzi mmoja wa alizeti alivuta kifyatulio cha rivolva yake, bastola ya silinda inayozunguka, kikaishia njiani. Hakiendi, hakirudi. Nashukuru alikumbuka nilichomwambia asubuhi: aliuacha mtutu ukitazama tuta la udongo, akageuza shingo tu. "Fundi," akasema, "si mnasema hizi hazigomi?"

Mimi sikuwahi kusema hivyo, ila najua waliosema: aliyemuuzia, jamaa zake wa sokoni, na karibu kila mwenye rivolva niliyewahi kukaa naye. Nilitunza ghala la silaha miaka mingi kabla sijastaafu, na siku hizi wenye leseni huniletea bastola zao nizikague. Kisa hiki nakiandika kwa urefu kwa sababu hapakuwa na chuma kilichovunjika. Kila kipande cha rivolva ile kilikuwa kizima, na bado isingemfaa kitu.

Mwenye silaha

Nitamwita Mzee wa Alizeti. Sokoni wanamwita karibu hivyo hivyo. Amevuka hamsini. Ananunua mbegu vijiji vya Kongwa na upande wa Singida, anawauzia wenye mashine za kukamua pale Kizota. Wakulima wengi wanataka pesa mkononi. Gunia likishuka kwenye mizani, noti ziwe zinahesabiwa. Kwa hiyo mtu huyu husafiri na fedha, barabara za vumbi, mara nyingi jua likizama. Aliomba silaha kihalali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, akazungushwa ofisi hadi ofisi kama wengine, akapata leseni.

Rivolva yake ni ya Kimarekani, ya risasi tano, kipimo cha .38 Special, mtutu wa inchi mbili. Kampuni sitaitaja, haikukosa kitu hapa. Anaivaa kiunoni chini ya shati analoliacha nje, kwenye ala ya ngozi aliyoshonewa na fundi viatu. Usiku inalala humo humo ndani ya ala, kwenye kasha la chuma lenye kufuli. Katika miaka sita alikuwa ameifyatua siku mbili tu. Risasi tano zilizokuwemo zilikuwa zimekaa ndani ya silinda tangu mwaka wa pili.

"Nilichukua hii kwa sababu haitaki matunzo," aliniambia tukiwa njiani. Nilinyamaza. Kumbishia mtu kwenye gari lake si adabu.

Sifa ya rivolva inatoka wapi

Sifa yenyewe si ya kuokoteza. Bastola ya magazini, yaani kasha la risasi linaloingia ndani ya mpini, inategemea nguvu ya risasi iliyotangulia ili iteme ganda na kupakia nyingine. Risasi ikiwa dhaifu, mkono ukilegea, springi ya magazini ikichoka au upindo wa shati ukibana sehemu ya juu isirudi nyuma, inakwama. Rivolva inategemea kidole chako. Risasi ikikataa kulipuka, vuta tena: silinda inazunguka na nyingine inakuja. Haijali kichwa cha risasi ni butu au kimechongoka. Ile ambayo nyundo yake, kipande kinachoanguka kugonga risasi, imefichwa unaweza kuifyatua ikiwa bado ndani ya mfuko wa koti. Na ikilala kabatini mwaka mzima, springi zake kubwa zinakuwa zimepumzika.

Lakini tazama sifa hiyo ilijengwa mikononi mwa nani. Risasi ya .38 Special ilitoka mwaka 1898, na polisi wengi wa Marekani waliendelea kuvaa rivolva za kipimo hicho hadi miaka ya 1980. Huku kwetu Waingereza walikuja na rivolva yao, Webley. Jeshi lao lilipoingia Kondoa Aprili 1916 na kushuka mpaka Dodoma mwishoni mwa Julai, Webley ndiyo iliyokuwa kiunoni mwa maofisa wao. Wote hao, polisi wa Chicago na ofisa wa Kiingereza, walikuwa na mtu wa ghala. Alikuwepo askari mwenye kitambaa, brashi na kopo la mafuta, aliyelazimika kuipokea silaha, kuifungua, kuichungulia na kutia sahihi. Mimi nimekuwa mtu huyo. Mikononi mwangu zimepita rivolva zilizonizidi umri na zilifanya kazi vizuri, lakini hakuna hata moja iliyokaa miaka sita bila kufunguliwa.

Raia aliporithi ile sifa, yule askari hakurithiwa.

Raundi ya kwanza, raundi ya pili

Nilimwambia afyatue zile zile alizokuja nazo, asibadilishe chochote. Nilitaka kuona silaha aliyonayo barabarani, si ile iliyopigwa brashi kwa ajili ya mgeni.

Ya kwanza ililia. Ya pili ililia. Ya tatu: tik. Akavuta tena, ya nne ikalia, ya tano ikalia. Akazungusha mpaka ikarudi ile ya tatu, akavuta, na safari hii ikalia. Yeye alifurahi ("umeona?"), mimi nikaandika kwenye daftari. Risasi inayokataa pigo la kwanza na kukubali la pili mara nyingi haina ugonjwa wake yenyewe. Anayeumwa ni mgongaji.

Jambo jingine: alikuwa akivuta kwa shida. Rivolva kama hii, ukiivuta bila kutanguliza nyundo nyuma, huhitaji kama kilo tano za kidole, na hiyo ni kawaida. Yake ilionekana kuzidi hapo, na kifyatulio kilikuwa kinarudi polepole kama mlango wenye bawaba chafu.

Kisha akafungua silinda atoe maganda. Aliuelekeza mtutu chini, kwenye ardhi, akasukuma kijiti kwa kidole gumba, taratibu. Maganda mawili yakatoka, matatu yakabaki. Akayang'oa kwa kucha, moja moja, yana rangi ya kijani pembeni. Akajaza risasi tano mpya za kwenye boksi. Silinda ilikataa kufunga kwa wepesi. Akaipiga kwa kiganja, ikaingia. Akainua mikono, akavuta, na hapo ndipo nilipoanzia.

Saa yangu ilionyesha dakika mbili na ushei tangu alipomaliza raundi ya kwanza. Jambazi gani angemsubiri?

Kuifungua

Hapa inabidi kwenda polepole, kwa sababu rivolva iliyokwama na risasi ndani ni hatari kuliko ilivyoonekana dakika moja kabla. Silinda haifunguki nyundo ikiwa imeinuka, na nyundo haikuweza kushuka kwa sababu kifyatulio hakirudi. Mtutu ukiwa kwenye tuta, nilishika nyundo kwa gumba la kushoto isianguke, nikakisukuma kifyatulio mbele kwa kidole kutoka nyuma. Kikarudi, kwa shingo upande. Nikabonyeza kitufe cha silinda, nikaisukuma kwa kitako cha kiganja. Haikutoka. Nikaigonga mara mbili kwa mpini wa mbao wa bisibisi, ikafunguka.

Nilikuwa na washukiwa wanne kichwani, na niliwapanga kwa jinsi nilivyowazoea.

Wa kwanza ni kijiti cha kutolea maganda. Katika rivolva nyingi kijiti hiki kimefungwa kwa nati za msokoto. Kikilegea kinarefuka, na silinda haifunguki tena. Smith & Wesson walibadilisha mwelekeo wa msokoto huo mwanzoni mwa miaka ya 1960, kutoka kulia kwenda kushoto, ili mzunguko wa silinda usiwe unakilegeza. Cha mzee kilikuwa kimekaza vizuri. Nikamtoa kwenye orodha.

Wa pili ni fataki, kile kidonge cha nyuma ya risasi kinachopokea pigo. Isipokaa sawasawa kiwandani ikatokeza hata kidogo, inasugua ukuta wa nyuma na silinda haizunguki. Nilipitisha makali ya rula kwenye vitako vya risasi zote tano. Rula ilipita bila kukwaruza. Wa tatu, kichwa cha risasi kuchomoka na kutokeza mbele ya silinda, hutokea zaidi kwenye rivolva nyepesi sana na risasi kali; hizi zilikuwa hazijapigwa hata moja, kwa hiyo hakuwa na nafasi.

Akabaki wa nne. Nikasukuma kijiti, ile nyota inayonyanyua maganda ikainuka, nikachungulia chini yake kwa miwani.

Palikuwa na utando wa kahawia, unang'aa. Juu yake zilikuwa zimenasa punje nyeusi za baruti isiyoungua, vumbi jekundu, na uzi mmoja wa nguo. Nilipapasa kwa ncha ya kijiti cha meno, punje hazikudondoka. Zilikuwa zimegandiwa.

Nafasi kati ya kitako cha risasi na ukuta wa nyuma haifiki hata robo ya milimita. Nilichana kipande cha karatasi ya daftari na kujaribu kukipitisha humo, silinda ikiwa na maganda matupu: hakikupita. Punje tatu nne za baruti zimeinua nyota, nyota imeinua risasi, risasi zimeegemea ukuta, na kidole cha binadamu hakitoshi kuzizungusha. Na zilifikaje pale? Kwa kuelekeza mtutu chini wakati wa kutoa maganda. Uchafu ulishuka kwenye matundu na kukaa chini ya nyota wakati nyota yenyewe imeinuka. Kwa silaha safi zingetikisika na kuanguka. Kwa hii zilikuta gundi inazisubiri.

Harufu ya maandazi

Gundi hiyo ilinisumbua. Nimeona mafuta ya injini yaliyochafuka, nimeona grisi ya baiskeli, na nimewahi kuona samli. Hii ilikuwa ngumu kama vanishi na inavutika kidogo ukiipasha moto kwa kidole. Niliinusa. Ilinuka maandazi ya juzi.

"Mzee, unapaka nini humu?"

Akacheka. "Mafuta si mafuta, fundi? Mimi nauza mbegu, nikakose mafuta ya kupaka?"

Alikuwa akiifuta kwa mafuta ya alizeti. Kila mwezi, kwa uaminifu wote, miaka sita. Kwa hiyo ile habari ya "haitaki matunzo" haikuwa kweli hata kwake. Aliitunza, tena sana.

Ukitaka kujua mafuta ya alizeti yanafanya nini juu ya chuma, usiende maabara. Tazama mgongo wa karai la jikoni, au shingo ya chupa ya mafuta iliyosahaulika kabatini. Ule utando wa njano unaonata, usiotoka kwa maji wala kwa kitambaa, ni mafuta yaliyokula hewa yakakauka. Mafuta ya kitani yana tabia hiyo hiyo, tena kwa kasi zaidi, na ndiyo maana hutumika kwenye rangi za kuta na milango. Ya alizeti hukauka polepole, lakini yakipakwa kiasi kidogo juu ya chuma, kwenye joto la kiunoni, yatakauka. Na sisi Dodoma tunajua vumbi la Agosti. Mvua zimeisha Aprili, upepo unavuma mchana kutwa, barabara ya kijijini inafuka kama moshi. Ala yake imetobolewa chini ili mtutu upite. Vumbi liliingia kwa chini, kwa juu penye nyundo, na kila lilipogusa lilibaki.

Hapo ndipo ile "tik" nayo ilipopata maelezo. Fundi anayeruhusiwa kufungua ubavu wa silaha ile aliufungua mbele yangu Jumatatu, na mahali nyundo inapochezea palikuwa na rangi ile ile ya kahawia. Nyundo ilianguka, ila ilianguka kama mtu anayetembea kwenye tope. Kabla hatujasafisha tulifanya jaribio la penseli, la zamani lakini zuri: silaha tupu, imekaguliwa na watu wawili, nyundo imevutwa nyuma, mtutu juu, penseli yenye kifutio inadondoshwa ndani ya mtutu kifutio kikitangulia chini, kisha unavuta. Pini inapogonga kifutio penseli inaruka. Ya mzee ilichungulia nje ya mtutu ikarudi ndani.

Maganda ya kijani ni hadithi ya ngozi. Ngozi iliyolainishwa kwa magome ya miti ina tindikali yake, na shaba ikilalia hapo miezi kwa miezi inatoa kutu ya kijani. Kutu hiyo inaweka risasi na silinda kama ndugu. Ongeza kwamba rivolva za mtutu mfupi zina kijiti kifupi pia, kisichofika mwisho wa ganda, na mzee anasukuma taratibu kama anayekamua chunusi. Yabaki matatu, yabaki mawili, ni bahati nasibu.

Yule fundi alitumia mafuta ya taa na mswaki mgumu, vishikio vya mbao vikiwa vimeondolewa, na sehemu zilizokuwa zimegeuka vanishi kabisa zilitaka thina. Ilimchukua asubuhi nzima. Hakubadilisha kipande hata kimoja. Jioni penseli iliruka ikagonga boriti ya kibanda.

Je, achukue ya magazini?

Mzee alikuwa ameshaamua. Alitaka kuuza hii na kuanza upya maombi ya bastola ya magazini. Watu wa kijiweni walikuwa wameshamshauri, kama kawaida yao.

Nilimwambia hivi. Bastola ya magazini ukiipaka mafuta ya alizeti miaka sita, itagoma mapema zaidi, kwa sababu kila kitu ndani yake kinategemea kasi ya chuma kinachoteleza. Tofauti ni kwamba ikigoma, mara nyingi mikono miwili inaitibu: gonga magazini kwa chini, vuta sehemu ya juu, achia, endelea. Ni sekunde mbili kwa aliyejifunza. Rivolva inagoma kwa nadra, lakini ikigoma kwa kubana silinda, unahitaji meza, mwanga na bisibisi. Ndiyo maana simwelewi mtu anayelinganisha hizi mbili kwa kuhesabu mara ngapi kila moja inakwama, bila kuuliza inakwamaje.

Ila hilo la sekunde mbili linamhusu aliyejifunza. Nilimuuliza mzee ni mara ngapi kwa mwaka yuko tayari kuja uwanjani. Akafikiri kwa uaminifu, akasema mara mbili, msimu wa alizeti ukiisha na kabla haujaanza. Kwa mtu wa mara mbili kwa mwaka ningebaki na rivolva. Risasi ikimkatalia, anachotakiwa kukumbuka ni kimoja tu, kuvuta tena, na hicho mwili utakikumbuka wenyewe. Mfanyabiashara mwingine, kijana, anayefika uwanjani kila mwezi, ningemjibu kinyume chake. Risasi tano ni chache, na kujaza upya rivolva barabarani, usiku, huku mikono inatetemeka, ni jambo ambalo sitaki kumdanganya mtu kwamba linawezekana kwa wepesi.

Tulibadilisha mambo machache. Mafuta ni ya cherehani, matone, si kijiko, na kinachobaki juu kinafutwa mpaka chuma kionekane kikavu. Kila Jumapili silaha inatolewa risasi, nyota inainuliwa, mswaki mkavu unapita chini yake na kwenye ukuta wa nyuma. Maganda yanatolewa mtutu ukitazama juu, kijiti kinapigwa kiganja mara moja kwa nguvu, uchafu uanguke nje badala ya ndani. Usiku hailali kwenye ngozi. Inalala peke yake kwenye kasha. Risasi zilizokaa kiunoni mwaka mzima zinafyatuliwa uwanjani, zinaingia mpya. Jambo la mwisho nililisema bila kuulizwa: aache kuinua shati kwenye vikao ili washikaji waone. Polisi wamekuwa wakionya kuhusu hilo, na leseni ni ya kupewa, inaweza kuchukuliwa.

Alirudi uwanjani wiki mbili baadaye. Risasi kumi, raundi mbili. Zote zililia, maganda yote yalitoka kwa pigo moja. Risasi kumi hazithibitishi mengi, nami nilimwambia hivyo, lakini bei ya boksi inajulikana na mfuko ni wake.

Mwishoni mwa Oktoba alipita nyumbani, yuko safarini kwenda Kibaigwa. Tukamwaga risasi kwenye sahani, nikainua nyota, nikachungulia. Chuma kikavu, safi, kinang'aa. Kwenye tundu moja la silinda palikuwa na kitu cheusi chenye mistari myeupe, chembamba kama ukucha wa mtoto. Nilikitoa kwa kijiti cha meno nikakiweka kiganjani mwake: ganda la mbegu ya alizeti.

"Hilo la leo asubuhi," akasema. "Jumapili haijafika."

Nikamrudishia mswaki.